Tanuri la makala la mafundi wa bati: biskuti za wiki nzima kwa moto mmoja

Nitasema la mwisho kwanza, kwa wale wanaosoma huku wanangoja taksi-basi. Tanuri la makala, yaani la mkaa, wanalotengeneza mafundi wa bati hapa Lubumbashi linamfaa mtu wa aina moja: mwenye watoto wadogo anayetaka kopo la biskuti lisiwe tupu nyumbani. Ukitaka kuoka mikate ya kuuza utalilaani. Ukitaka keki ya harusi, mpe mtu mwingine hiyo kazi. Mimi nalitumia kwa biskuti, na kwa hilo nalipa alama nane juu ya kumi. Mbili nimezikata kwa sababu ya mlango, na huo mlango nitaueleza.

Mimi ni santineli. Nalinda nyumba ya watu upande wa Golf usiku kucha, asubuhi narudi kwetu Katuba, nalala mpaka saa sita, kisha watoto ni wangu mpaka mama yao atoke sokoni. Wako watatu: wa miaka saba, wa miaka minne, na kaziwanda wa mwaka na nusu. Wa shule akisharudi, mpaka bukari (ugali) ya jioni iive, hapo katikati pana saa ndefu sana, na saa hizo ndizo zilizokuwa zinakula franka zangu. Huyu anataka bonbo, pipi ya rangi, huyu maji ya sukari yaliyogandishwa kwenye kimfuko, huyu biskuti za paketi zilizoingilia mpakani Kasumbalesa. Kila kimoja bei yake ni ya kucheka. Zidisha kwa watatu, zidisha kwa mwezi, hutacheka.

Vitumbula navyo sivisemi vibaya, nimekula vitumbula tangu sijajua kusoma. Lakini kitumbula ni cha asubuhi. Ukikiweka mpaka saa tisa kinakuwa mpira, kesho yake mafuta yameshaanza kunuka. Hakiwekwi akiba, na mimi nilikuwa natafuta kitu cha kuweka akiba.

Oveni ya umeme? Katuba umeme hauna ratiba. Laini ile ndefu inayoleta umeme wa bwawa la Inga mpaka Kolwezi, kilomita kama 1,700, ipo tangu miaka ya 1980, na migodi inashiba; sisi umeme unatukuta tumelala. Jirani yangu ana oveni nzuri ya vioo viwili. Anahifadhia sahani. Nilijaribu pia njia ya mama zetu, sufuria kubwa yenye mchanga chini, juu ya mbabula, jiko letu la makala, na makala mengine juu ya kifuniko. Inaoka, sikatai. Lakini inaingia biskuti kumi na mbili tu, chini zimeungua, juu zina rangi ya mgonjwa, na kwa makala uliyotumia ungepika maharage.

Basi nikaenda kwa mafundi pembeni mwa soko la Kenya. Naongelea Kenya ya hapa mjini, komini yetu, ndugu wa Nairobi msichanganyikiwe. Unawasikia kabla ya kuwaona. Wanagonga mbabula, makarai, masanduku ya wanafunzi wa bweni, na ukiuliza tanuri wanakuonyesha yaliyokwisha tengenezwa, yanang'aa kama sarafu mpya.

"Papa, chukua hili, bati jipya kabisa, angalia linavyong'aa."

"Kwa sababu linang'aa ndiyo silitaki."

Alicheka, lakini alinielewa haraka, maana kazi hii anaijua kuliko mimi. Bati la paa linang'aa kwa zinki. Zinki ikikaa jirani na makala yaliyoiva inatoa moshi mbaya, na wachomeleaji wanaounga bati hilo bila kujikinga huwa wanapata homa jioni na kesho yake inapita kama vile haikuja. Sitaki kitu hicho kwenye biskuti ya mtoto. Pipa la zamani nalo nilikataa. Huu ni mji wa migodi, pipa tupu limeshabeba asidi au dawa ya kuoshea madini, na ukilisugua kwa mchanga siku nzima bado hutajua lilibeba nini. Nilitaka bati jeusi, jipya, zito kiasi. Kijana alianza na dola 60, tukamaliza 42, na akanipa sinia la pili kama matabishi, nyongeza ya bure. Linalong'aa lingekuwa la dola 30. Hizo 12 za juu usizihurumie.

Umbo lake ni sanduku lenye kimo cha goti. Chini kuna droo ya makala, katikati reli mbili za masinia, juu paa lenye ukingo ambapo unamwaga makala mengine. Moto unatoka chini na juu kwa pamoja, hiyo ndiyo siri yote. Kuta ni mbili, na katikati ya ukuta na ukuta pana nafasi ya vidole viwili. Mafundi wengi wanaiacha hivyo hivyo, na hewa peke yake haishiki moto. Wangu nilimwambia asifunge juu, nikaenda nikachota udongo wa kichuguu, nikauponda, nikaulowesha kidogo, nikaushindilia mle kwa ubao mpaka ukajaa. Udongo huo hapa kwetu hauhitaji kusifiwa, matofali ya nyumba zetu nyingi yametoka kwenye vichuguu. Ukipata moto hauachii haraka. Tanuri lilikuwa jepesi, sasa linabebwa na watu wawili wenye migongo mizima. Ndiyo bei yake.

Moto wa kwanza uwashe tanuri likiwa tupu, mpaka harufu ya mafuta ya kiwandani na rangi iishe. Nje. Nasema nje na kila mara nitasema nje, hata mvua ikinyesha, hata baridi ya Juni. Sisi walinzi tunaujua mchezo wa makala. Baridi ya Juni na Julai ikishuka, mtu anaingiza mbabula kwenye kibanda cha lindo, anafunga mlango, anapata usingizi mtamu. Kila santineli wa mji huu anaijua habari ya mwenzake ambaye hakuamka. Gesi ya makala haina harufu, haikohozi mtu. Langu linakaa chini ya kibaraza kisicho na ukuta, mbali na dirisha la chumba cha watoto.

Kipimajoto hakuna, na fundi akikuuzia chenye mshale muulize mshale huo umeunganishwa na nini. Mimi natumia unga. Makala yakishavaa majivu meupe, naweka kijiko cha unga wa ngano kwenye kifuniko cha kopo, naingiza, nafunga. Ukigeuka rangi ya karanga kwa dakika moja, moto ni wa kuchoma nyumba, acha mlango wazi. Ukichukua kama dakika tano, huo ni moto wa biskuti, ule wanaouandika digrii 180 kwenye vitabu.

Sasa biskuti zenyewe. Vikombe viwili vya unga wa ngano, kimoja cha unga wa mahindi, ule ule wa bukari ila upepete vizuri. Nusu kikombe cha sukari, nusu kikombe cha mafuta, chumvi ya vidole viwili, kijiko cha chai cha poda ya kuumulia keki, na ganda la limau lililokwaruzwa kama limau lipo. Maji kidogo kidogo mpaka donge lishikane, basi. Mayai siweki, maziwa siweki, na sababu si bei peke yake: vyote viwili vinafupisha maisha ya biskuti. Unga wa mahindi ndio unaozifanya zikatike meno yanapogusa. Nakandamiza kwa chupa mpaka unene wa kadi ya mpiga kura mbili tatu zilizopangwa, nakata kwa kikopo cha nyanya cha gramu 70, natoboa kwa uma. Kikopo hicho Mungu alikikadiria mkono wa mtoto. Zinatoka kama sitini.

Piga hesabu ya sukari: nusu kikombe ni gramu 100 hivi, gawa kwa sitini. Mtoto akila mbili hajamaliza kijiko kimoja cha chai cha sukari. Soda ndogo ya chupa ina zaidi ya gramu 30. Kwa sababu hiyo sigombani nao sana juu ya kopo.

Dakika kumi na tano, ukigeuza sinia katikati, zimeiva. Watu wengi wanaishia hapo, na baada ya siku tatu wanalalamika biskuti zao zimelegea. Fanya hivi: zikishaiva zote na makala yanakufa, zirudishe zote kwa pamoja, zilundike tu, acha mlango wazi kidogo, nenda zako. Udongo wa kichuguu unaendelea kutoa joto la chini kwa muda mrefu, na joto hilo halipiki tena, linakausha. Mimi narudisha saa kumi, namwachia mama yao, nakwenda kazini. Anazitoa usiku tanuri likiwa baridi. Biskuti iliyokauka ukiigonga na nyingine inalia. Isiyolia, iliwe kesho.

Nilioka pia za viazi vitamu vya rangi ya chungwa. Watoto walizipenda kuliko zote, na kiazi hicho kina vitamini A ya kutosha. Lakini kina maji, na mvua za Desemba zikianza, za viazi zilipata ukungu kopo likiwa bado nusu. Za viazi ni za kuoka leo na kumaliza kesho kutwa.

Kopo ni la maziwa ya unga, kubwa, lenye kifuniko cha plastiki kinachobana. Ndoo ya plastiki haifai, harufu ya sabuni haitoki. Kuanzia Novemba mpaka Machi hewa ya hapa inalainisha kila kitu, mpaka chumvi inashikana. Nakaanga mchele mkavu mkono mmoja bila mafuta, naufunga kwenye kitambaa, nauweka chini ya kopo. Unavuta unyevu, kila baada ya wiki unaukaanga tena. Sisimizi nawazuia kwa kuliweka kopo ndani ya sahani yenye maji. Kwa mpango huo biskuti zinakaa wiki mbili bila kulegea. Nasema zinakaa kwa maana ya ubora. Kwa maana ya watoto, wiki ikipita ni bahati, kwa sababu watoto wa parseli yetu, kiwanja chetu, wameshajifunza saa ninayoamka.

Yule wa miaka minne ana tabia ambayo kama ningekuwa na kamera nzuri ningeirekodi. Kopo liko juu ya kabati, halifikii. Basi anapanda kiti, anagusa kwa ncha za vidole, analitikisa kidogo bila kuliteremsha, anasikiliza. Kisha anashuka na kutoa taarifa kwa dada yake: "Ziko nyingi," au "Papa aoke." Hajakosea bado. Na nikimwambia ni mbili kila mmoja baada ya shule, halii tena kama alivyokuwa analia mbele ya kiduka, kwa sababu anajua za kesho ziko palepale. Mama yao, aliyeniuliza mwanzoni kama nimefukuzwa kazi ndiyo maana naoka, sasa ndiye anayenunua limau. Majirani wananiita Papa Biskuti. Nimewazoea.

Kwa kaziwanda, angalieni. Mtoto wa umri huo anavunja biskuti kwa meno mawili na kipande kinaingia kizima. Mimi naiponda kwenye chai nyepesi au uji, na anakula amekaa, hakimbii nayo. Aliye chini ya miezi 6 hana habari na kopo, yeye ni ziwa tu. Karanga nzima simpi hata wa miaka minne. Punje ya karanga inaingia kwenye njia ya hewa kabla hujageuka. Nikitaka ladha ya karanga naisaga laini na kuichanganya kwenye donge, vijiko vitatu. Na karanga zenyewe mzichague moja moja: yenye weusi, iliyosinyaa, yenye vumbi la kijani, tupa. Sumu ya ukungu ule, wanaiita aflatoksini, haiondoki kwa kukaanga. Asali ile ya porini inayouzwa kwenye chupa barabarani inanukia vizuri ndani ya biskuti, wakubwa waitumie, lakini mtoto ambaye hajatimiza mwaka haipewi hata kwa ncha ya kijiko.

Haya, mlango. Bawaba zake ni waya, na bati likipata moto linatanuka, mlango unapinda, juu inabaki nafasi ya kupitisha kidole. Moto unatokea hapo. Safu ya mbele ya biskuti inabaki nyeupe wakati ile ya nyuma kushoto inakaribia kuwa makala. Nimeegemeza tofali, nimeziba juu kwa udongo mbichi kila ninapooka, inasaidia, lakini mtu aliyelipa dola 42 hakupaswa kuziba mlango kwa udongo. Droo ya makala nayo inakwama ikiwa ya moto, kwa hiyo kuongeza makala katikati ya kazi ni vita; weka ya kutosha tangu mwanzo, yale yanayojaza kopo la maziwa mara mbili yanamaliza kazi yote. Mshikio ni chuma kitupu, utafute kitambaa kinene. Na usipolipaka mafuta ya kula baada ya kazi, msimu wa mvua kutu inaanza ndani ya wiki.

Jambo moja linanisumbua ambalo si kosa la fundi. Makala yetu yanatoka kwenye misitu ya miombo, na mimi nilipokuwa mtoto miti ilikuwa karibu na mji, leo malori na baiskeli za makala zinatoka mbali zaidi kila mwaka. Tanuri hili linatumia makala kidogo kuliko sufuria ya mchanga kwa biskuti nyingi mara tano, na naoka siku ambayo mbabula ingewashwa vyovyote, ili makala yanayobaki yapikie maharage. Umeme ukija kuwa na ratiba nitahamia upande huo bila kuaga.

Anayekwenda kuagiza: mwambie fundi mlango auwekee bawaba za kweli, zile za dirisha, na ukingo wa kukunjwa pande zote ili bati lisipinde. Ataongeza dola tatu au nne, mpe. Mshikio auvishe mti. Droo aipunguze upana wa kucha kila upande. Nafasi ya katikati ya kuta aiache wazi juu mpaka wewe umalize kushindilia udongo. Na masinia yako yabebe kutoka nyumbani, apime kwa hayo, maana mafundi wa pale wanapima kwa macho, na sinia langu la matabishi liliingia baada ya kupigwa nyundo pembe zote nne.